Mchoro wa gauni la 1810 si ushahidi wa vazi la kila mwanamke

Michoro ya mitindo kutoka magazeti ya wanawake ya mwanzoni mwa karne ya 19 imeenea sana mitandaoni, na aghalabu maelezo yake ni mafupi: hivi ndivyo wanawake wa Ulaya walivyovaa. Sisi tunaoitunza makumbushoni hatuisomi hivyo. Ilichorwa kuwashawishi watu, tena watu wenye fedha. Mpishi na dobi hawamo.

Tazama Repository of Arts, jarida lililoanza kutoka London kila mwezi mwaka 1809. Mwenye jarida, Rudolph Ackermann, mzaliwa wa Saxony huko Ujerumani, alikuwa na duka la picha katika mtaa wa Strand, na humo humo akiuza rangi za maji. Katika miaka ya mwanzo jarida lilibandikwa vipande vya kitambaa halisi, ili msomaji aliye mbali na jiji akipapase kabla ya kuagiza. Mimi naona kurasa hizo zina thamani kuliko michoro yenyewe, kwa sababu kitambaa hakitiwi chumvi. Mwanamke alinunua kitambaa, akampelekea mshonaji pamoja na mchoro, naye fundi akakadiria mkato kwa jicho. Ndiyo maana wanawake wengi wa michoroni wamegeuka ubavu au wametupa mgongo: fundi alihitaji kuona nyuma ya gauni.

Paris ilikuwa na Journal des Dames et des Modes, la 1797 hadi 1839, ambalo kwa miaka mingi liliongozwa na Pierre de La Mésangère, aliyewahi kuwa padri. Lilitoka kila baada ya siku tano. Michoro yake, yenye kichwa Costume Parisien, iliigwa hata London, ingawa Ufaransa na Uingereza zilikuwa vitani karibu muda wote hadi 1815.

Gauni lililotawala wakati huo lilikuwa jeupe, la melimeli (kitambaa chembamba cha pamba) nyepesi, limefungwa chini tu ya matiti. Melimeli bora ilitoka Bengal. Juu yake ilitupwa shali ya Kashmir, ghali mno, hata mji wa Paisley huko Scotland ukajipatia jina kwa kufuma za kuiga.

Kuhusu rangi, tahadhari. Mchoraji alichora, mchongaji akahamisha mistari kwenye bamba la shaba, kiwanda kikachapa mistari mitupu. Rangi ilipakwa kwa brashi, nakala moja moja. Kwa hiyo nakala mbili za mchoro uleule zaweza kutofautiana, na nyingine zilipakwa na wauzaji miaka mingi baadaye.

Wauzaji hao hao ndio waliochana majarida ili kuuza picha moja moja, na maelezo ya kitambaa na shughuli ya vazi yakapotea. Ukiupata mchoro wa namna hiyo, tafuta kwanza maandishi ya pembeni: namba, mwezi, na kama ni vazi la matembezi au la dansi. Kwenye michoro ya Paris ya kabla ya 1806 utakuta tarehe za kalenda ya Mapinduzi ya Ufaransa. “An 12”, kwa mfano, yaani mwaka wa 12 wa kalenda hiyo, ni kuanzia Septemba 1803 hadi Septemba 1804.