Raundi ya pabu: zamu inayowatatiza wageni Wamarekani Uingereza

Raundi, kwenye baa za Uingereza ziitwazo pabu, ni zamu ya kuwanunulia wenzako wote vinywaji. Mko wanne mezani. Mmoja anainuka, anauliza kila mtu anakunywa nini, anakwenda kaunta, analipia vyote na kurudi navyo. Glasi zikikaribia kwisha, anainuka mwingine. Mnywaji wa Nairobi ataitambua mara moja.

Mmarekani hutatizika, wala si kwa uchoyo. Kwao amezoea mhudumu kumfuata mezani, kila mtu na bili yake, na bakshishi haikwepeki, kwa kuwa sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa bakshishi dola 2.13 tu kwa saa. Kwenye pabu nyingi, ukikaa kumsubiri mhudumu utabaki na kiu: unaagiza kaunta na kulipa papo hapo. Anayekuhudumia analipwa kima cha chini kamili, hivyo bakshishi si lazima. Akikupendeza, unamwambia ajichukulie na yeye kinywaji kimoja kwa pesa yako.

Basi yule mgeni anajinunulia bia yake, akidhani anawapunguzia wenzake gharama. Wenyeji wanaliona hilo kama kujitenga. Naipenda sana desturi hii kwa sababu hiyo: anayekunywa leo kwa pesa ya mwenzake anadaiwa kuinuka, na deni hilo ndilo linalowaweka pamoja mezani. Usingoje glasi yako ikauke. Mtazame anayekunywa haraka kuliko wote. Yake ikibaki robo, na zamu ni yako, inuka. Unajua utaondoka mapema? Nunua raundi ya kwanza.

Jihadhari na kipimo. Painti ya Uingereza ni mililita 568, ya Marekani 473, kwa hiyo raundi nne si mchezo. Kuomba nusu painti au soda hakuvunji zamu. Kinachotakiwa ni kununua yako ikifika.

Shinikizo hilo la kwenda sawa na wenzako liliwahi kuishughulisha serikali. Mwaka 1915, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa hofu kwamba ulevi unarudisha nyuma kazi za viwanda vya silaha, ilipigwa marufuku katika maeneo mengi kumnunulia mtu mwingine pombe, London ikiwamo. Kila mtu alitakiwa kujilipia. Vita vilipokwisha, raundi ikarudi.

Kaunta yenyewe kwa kawaida haina mstari, ingawa Waingereza wanasifika kwa foleni. Kila aliyesimama pale anajua nani alimtangulia. Mhudumu akikuuliza wewe kabla ya zamu yako, mwelekeze kwa aliyetangulia, utaheshimiwa. Na ukisikia kengele inagongwa usiku, hiyo ni nafasi ya mwisho ya kuagiza. Kama hujanunua bado, nenda kaunta sasa hivi.