Mateka wa vita ni nani, na kumkumbuka maana yake nini

Mateka wa vita ni askari aliyeangukia mikononi mwa adui akiwa hai, wakati nchi zao zinapigana. Hajashitakiwa wala kuhukumiwa. Anazuiliwa kwa sababu moja tu, asirudi kwenye mapigano, na vita vikiisha anapaswa kurudishwa kwao bila kucheleweshwa. Hapo ndipo anapotofautiana na mfungwa wa gerezani, na pia na mtu aliyetekwa na majambazi njiani, ingawa mitaani wote tunawaita mateka.

Sheria inayomlinda ni Mkataba wa Tatu wa Geneva wa Agosti 12, 1949. Tanganyika ilijiunga nao mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru. Mkataba huo una vifungu 143, vinavyogusa chakula, matibabu, kazi, ibada, hata mazishi. Akihojiwa, mateka analazimika kutaja mambo manne tu: jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi. Kumpiga ili aseme zaidi ni marufuku.

Kifungu ninachokiona kuwa moyo wa mkataba wote ni cha 70. Kinasema mateka, ndani ya wiki moja tangu afike kambini, apewe nafasi ya kujaza kadi ya kuijulisha familia yake. Kadi yenyewe ni ndogo. Ina nafasi ya jina lake, jina la baba, mahali na tarehe ya kuzaliwa, anwani ya nyumbani na siku aliyokamatwa. Kuna pia mstari wa afya wenye maneno yaliyokwisha kuchapwa: mzima, mgonjwa, amejeruhiwa kidogo, amejeruhiwa vibaya, asiyoyahitaji anayakata kwa kalamu. Hakuna nafasi ya kueleza vita vilivyokwenda. Lakini mama akiipokea anajua mambo mawili aliyokuwa akiyalilia usiku na mchana: mwanangu yu hai, na mahali alipo panajulikana.

Kwa hiyo mtu akisema tuwaenzi mateka wa vita, familia haiwezi kuachwa nje. Aliyeuawa vitani huzikwa, matanga yakaanuliwa, mirathi ikagawanywa. Mke wa aliyetekwa bila habari hana hata hilo. Hajui kama ni mjane. Watoto hawajui kama waseme baba alikuwa au baba yupo. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mahakama kudhani kuwa mtu amefariki ikiwa waliopaswa kusikia habari zake hawajazisikia kwa miaka 5. Ni msaada wa kisheria, lakini hakuna hakimu anayeweza kuondoa kungoja kwenyewe.

Huku kwetu katikati ya Tanzania jambo hili si la kigeni. Vita Kuu ya Kwanza ilipita hapa kwa miguu. Majeshi ya upande wa Waingereza, chini ya Jenerali Jacob van Deventer, yaliingia Kondoa Aprili 1916, na mwisho wa Julai mwaka huohuo yakaichukua Dodoma na reli yake. Kabla ya hapo Wajerumani, waliokuwa wakiitawala nchi, walikuwa wamewazuilia wamisionari wa Kianglikana wa Ugogo, eneo la Dodoma. Walimu wao Waafrika nao walikamatwa, wakashukiwa ujasusi, wakapelekwa Tabora na kufanyishwa kazi ngumu. Walikuwa raia, na leo wangelindwa na Mkataba wa Nne, unaohusu raia. Walifunguliwa baada ya Wabelgiji kuiteka Tabora Septemba 19, 1916. Nyumbani walikorudi, majeshi yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Ukame ulipoongezeka ikaja njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo hawajaisahau.

Wapo watu wanaoamini kuwa kutekwa ni aibu, kwamba shujaa hufa na mwoga hujisalimisha. Napinga kabisa. Askari Waafrika wa Jenerali Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku, waliweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918, kwa sababu kamanda wao alipata habari kuwa vita vimekwisha Ulaya. Walikuwa wamepigana zaidi ya miaka 4. Walivushwa Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, wakapandishwa treni. Wajerumani waliendelea na reli ya kati, wakaipita Dodoma hadi Dar es Salaam. Waafrika walishushwa Tabora na kuwekwa kambini, na homa kali ya mafua ya mwaka ule ikawaua wengi wao humo. Nani atawaita hao waoga?

Geneva kuna hifadhi ya Msalaba Mwekundu yenye kadi takriban milioni 7 za mateka na waliopotea katika vita hivyo, na leo mtu anaweza kuzipekua kwa intaneti. Majina ya Wazungu ni rahisi kuyapata. Mpagazi wa Ugogo au askari wa Kinyamwezi, aghalabu hakuna aliyemwandika.

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunaona mkuki na ngao, sime, upinde na mishale vikiwekwa kwenye mnara, na katika miaka ya karibuni Dodoma imekuwa mwenyeji wa maadhimisho ya kitaifa. Marekani wana siku ya mateka na waliopotea vitani, Ijumaa ya tatu ya Septemba, na huandaliwa meza ndogo yenye kiti kisichokaliwa na mtu na glasi iliyofudikizwa. Sisi hatuhitaji kuiga meza. Ningependa katika dua na sala za Julai 25 watajwe pia waliotekwa, na wake na wazazi waliowangoja.

Kwa familia ambayo ndugu yake amepotea vitani hata leo, pa kuanzia ni ofisi ya Msalaba Mwekundu. Kazi yao moja ni kutafuta waliopotezana kwa vita na kupeleka ujumbe wa kifamilia. Nenda na majina yake kamili, jina la baba na mama, kijiji alikozaliwa, mahali alipoonekana mara ya mwisho, na picha kama ipo. Andika na majina ya utani: kambini mtu huenda alijiandikisha kwa jina ambalo nyumbani hamlitumii.