Ukuta wa nyuma wa tangi la samaki: anza na anachokiona samaki

Mteja akija kuagiza tangi, mara nyingi anakuwa keshachagua picha ya kubandika nyuma: matumbawe mekundu, magofu, wakati mwingine merikebu iliyozama. Halafu ananiambia anataka kufuga samaki wa Ziwa Tanganyika. Hapo humwomba turudi nyuma kidogo, kwa sababu sisi tunalitazama tangi jioni tukiwa tumekaa kwenye kochi, ila samaki anautazama ule ukuta siku nzima.

Kioo kitupu ndicho kibaya kuliko vyote. Mwanga unaotoka majini ukikigonga kioo kwa mshazari, na nyuma yake kuna hewa, hauvuki, unarudishwa ndani. Kwa samaki, upande ule unageuka kioo cha kujitazamia. Dume la Tropheus, samaki mmojawapo wa ziwa hilo, ambaye hulinda eneo lake kwa ukali, anamwona dume mwenzake pale na anashinda akimvamia. Picha iliyoshikizwa kwa selotepu kwenye kona haiondoi tatizo, maana hewa bado imo katikati. Anayeipenda picha yake aipake glisirini au mafuta ya kupikia, kisha aikandamize kwa kadi ya plastiki mpaka viputo vyote vitoke.

Mimi nashauri rangi. Nyeusi, isiyong'aa, ipakwe upande wa nje wa kioo, mikono miwili au mitatu. Tumia rangi ya maji ili siku ukibadili nia uikwangue kwa wembe. Kwa nini nyeusi? Samaki wengi hujirekebisha kufuata mahali walipo: chembe nyeusi zilizo kwenye ngozi zao hutawanyika au kujikusanya. Mbele ya ukuta mweupe au wa samawati iliyofifia hupauka, na mwenye tangi anadhani wanaumwa. Mbele ya weusi rangi zao hukolea, na mabomba ya filta na hita hayaonekani sana. Kwa matangi mengi, kazi inaishia hapo, na gharama yake ni ndogo.

Ukuta wa mwamba wa kuchonga nauacha kwa samaki wanaouhitaji kweli. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya spishi 200 za samaki wa familia moja na sato na perege, na wengi wao huishi kwenye mawe ya pwani. Tropheus hula kwa kukwangua mwani juu ya mawe. Julidochromis huishi na kutaga ndani ya nyufa, na huogelea tumbo likiwa limeelekea jiwe, hata kama ni kichwa chini. Samaki kama huyu ukimpa ukuta wenye nyufa kutoka chini hadi juu, umempa makazi mara kadhaa ya yale ya sakafuni. Naipenda sana kazi hii, kwa sababu unaona tabia zao halisi zikijitokeza.

Kata stairofomu, lile povu gumu jeupe linalokuja kwenye maboksi ya televisheni, lienee tangi. Chonga kwa kisu, vunja kingo kwa mkono. Mwamba wa kweli hauna mistari iliyonyooka. Chimba nyufa zenye kina, kisha paka niru, yaani saruji iliyokorogwa na maji. Mkono wa kwanza uwe mwepesi kama uji ili uingie kwenye vitundu, inayofuata iwe mizito zaidi. Rangi itoke kwenye poda ya oksidi ya chuma, nyekundu na nyeusi, ile ya sakafu za saruji. Upande wa mgongo usiupake kitu, kwa kuwa silikoni haishiki saruji vizuri.

Sasa sikiliza hesabu hii kwa makini. Kipande cha sentimita 100 kwa 45 chenye unene wa 5 kina ujazo wa lita 22.5, na chenyewe hakifiki kilo moja. Kikizama, maji yanakisukuma juu kwa nguvu ya zaidi ya kilo 20. Hata ukichonga nusu yake ikatoka, bado zinabaki kilo kumi, na niru ya milimita chache haizimalizi. Mawe ya kukiegemea hayatoshi. Kibandike kwenye kioo kikavu, kabla ya tone lolote la maji, kwa silikoni inayonuka siki. Ikiwa imeandikwa ni ya bafuni na inazuia ukungu, iache dukani, kwa sababu dawa ya ukungu ina sumu. Silikoni yenyewe ipige kwa mistari yenye nafasi, usiitandaze yote, maana silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa na katikati ya tandazo pana hubaki mbichi. Nami huiacha wiki nzima.

Ziba kingo zote. Samaki mdogo akipenya nyuma, hutamtoa, na akifia huko ataoza usimwone.

Saruji mpya hutoa chokaa, na pH, kipimo cha asidi ya maji ambapo 7 ni katikati, inaweza kupanda hadi karibu 12. Jaza maji, yamwage baada ya siku mbili tatu, rudia kwa wiki tatu au nne, ukilinganisha kipimo na cha maji ya bomba. Maji ya Tanganyika yenyewe yana pH ya karibu 9, kwa hiyo samaki wake huvumilia mabaki kidogo. Samaki wa Amazon, wanaopenda maji yenye asidi, usiwawekee saruji kabisa.

Tangi la sentimita 100 kwa 40 kwa 45 linaitwa la lita 180, lakini ukuta ule umekula lita kumi au zaidi, na mchanga na mawe bado hayajaingia. Ukipima dawa kwa lita 180 utawazidishia samaki. Siku ya kujaza kwa mara ya mwisho, tumia ndoo unayojua ujazo wake, hesabu, na uandike jumla nyuma ya kifuniko kwa wino usiofutika.