Mume yuko kambini, nani aamue nyumbani?

Usiku wa giza, wanaume wengi wa Ukerewe, Sengerema na Magu wako kambini wakivua dagaa kwa taa. Wengine wako machimboni Geita. Nyumbani anabaki mama, watoto na pengine bibi. Kazi zote zimemwangukia mama, ila kauli ya mwisho bado ni ya mume, kwa simu.

Sisi wa maendeleo ya jamii tunalikuta hili kila msimu. Mvua za kwanza zimenyesha, ng'ombe wa plau wamo zizini. Mama anapiga simu, haipatikani. Angeuza mbuzi mmoja alipe vibarua, lakini anaogopa: "Akirudi nitamwambia nini?" Pamba huku kwetu hupandwa kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba. Ukisubiri mtandao wiki mbili, nusu ya muda huo imekwisha.

Mengi yangemalizwa kabla mtu hajapanda boti. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, wavuvi hupumzika na wengi hurudi nyumbani. Kaeni siku hizo. Semeni mifugo ipi mama anaweza kuuza bila kuuliza, akiba ya chakula isiyoguswa ni magunia mangapi, na pesa ya pamba inaingia kwenye simu ya nani. Kama mama ndiye anayelima, jina lake liwemo kwenye daftari la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Haiingii akilini apalilie yeye, halafu malipo yamfuate mtu aliye kisiwani.

Kwa upande wa mali, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Inambana mume aliye kambini sawasawa na mke aliyebaki. Shamba nalo linaweza kupata hatimiliki ya kimila yenye majina yote mawili, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Anzieni ofisi ya kijiji.

Kuna kaya ambazo mama ndiye huondoka, akaenda mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, kuanika dagaa. Hapo kazi za jikoni humwangukia binti wa darasa la sita, na asubuhi anachelewa shule kwa sababu ya maji. Baba yupo, baiskeli ipo, madumu yapo. Maji ateke baba.