Zoezi la moto kwenye kituo cha watoto, na kinachopaswa kuandikwa baada yake

Nikienda kufundisha usalama wa moto kwenye vituo vya kulelea watoto hapa Dar es Salaam, huomba kwanza daftari la mazoezi, kabla hata ya kuangalia mitungi ya kuzimia moto. Mara nyingi naletewa daftari safi: tarehe, saa nne asubuhi, watoto wote wametoka, zoezi limefanyika vizuri. Muhula unaofuata ni saa nne tena, maneno yale yale. Daftari hilo linathibitisha jambo moja tu: watoto walio macho, wamevaa viatu na wanangoja uji, wakiitwa nje wanatoka.

Tarehe 5 Juni 2009, mjini Hermosillo nchini Meksiko, moto ulianzia kwenye ghala lililopakana na kituo cha watoto cha ABC. Ilikuwa alasiri, watoto wamelala. Mlango wa dharura haukutumika, na watu wa mtaani walifikia kubomoa ukuta kwa kuugonga na gari ili wapate pa kuwatolea. Watoto 49 walikufa.

Kwa hiyo naomba zoezi moja kati ya yale mnayofanya liwe la saa ya kulala. Najua walezi hawalipendi, maana mtoto aliyekatishwa usingizi hulia jioni nzima. Anzeni basi na walezi peke yao, watoto wakiwa wameshaondoka. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo 9 hivi. Mpe mlezi mfuko wa unga wa kilo 10 kila mkono, kisha mwambie afungue komeo la mlango, ashuke ngazi na kufika eneo la kukusanyikia. Hapo ndipo mtaona kwamba komeo liko juu mno, au linataka mikono miwili. Mtaona pia hesabu ya chumba cha wachanga: watoto wanane, walezi wawili, kila mmoja anabeba wawili, wanne wamebaki ndani. Ni nani anawafuata? Mpishi? Mlinzi? Aliyepangwa aambiwe mapema na afanye mazoezi pamoja na wengine. Na asijaribu mtu kufunga mbeleko wakati wa dharura, inakula muda. Beba mikononi uondoke.

Mkija kulifanya na watoto wenyewe, tumieni sauti ile ile kila mara, filimbi au kengele, na wazazi wajulishwe kabla. Msiwashe moshi wala kupiga mayowe. Mtoto wa miaka mitatu akiogopa hujificha, na ndiyo maana lazima awepo mtu mmoja wa kupita chooni, chini ya vitanda na nyuma ya mapazia, huku akifunga kila mlango anaouacha ili moshi ucheleweshwe.

Daftari la mahudhurio litoke pamoja na watoto, na huko nje waitwe kwa majina. Kuhesabu vichwa peke yake hakutoshi, kwa sababu yupo aliyechukuliwa na bibi yake saa sita na yupo aliyechelewa kuja. Baada ya moto wa bweni la Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, siku ya kwanza serikali ya Kenya ilitangaza kwamba watoto wapatao 70 hawajulikani waliko. Wengi wao walikuwa hai, wamechukuliwa na wazazi au wamehifadhiwa na majirani, bila mtu kuandika. Waliopoteza maisha walikuwa 21. Fikiria mzazi aliyesimama getini saa hizo zote. Kwa hiyo kwenye zoezi jaribuni pia kumkabidhi mtoto kwa mzazi: jina, saa, sahihi ya anayemchukua.

Sasa maandishi. Yaandikwe siku ile ile, walezi wote wakiwepo, kwa sababu kila mmoja aliona upande wake. Ukurasa ninaoutaka unasomeka hivi, kwa mfano: “Alhamisi, saa 7:40 mchana, usingizi. Watoto 31, walezi 4, mmoja ametumwa dukani. Kutoka filimbi hadi jina la mwisho kuitwa, dakika 5. Geti la nyuma lina kufuli, ufunguo anao mlinzi, naye alikuwa anaswali. Watoto wawili walirudi kufuata viatu. Ufunguo wa pili utachongwa na kutundikwa jikoni. Mhusika mpishi, kabla ya Jumatatu.” Kisha Jumatatu mtu aandike kwamba ufunguo upo na kufuli limefunguka. Zoezi linalofuata lianze kwa kusoma ukurasa huo. Mwenye kituo asimkaripie mlezi kwa yaliyoandikwa, la sivyo muhula ujao “zoezi limefanyika vizuri” itarudi.

Pangeni pia nani atapiga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Siku ya zoezi msipige. Aliyepangwa aseme tu kwa sauti maneno ambayo angeyasema. Wengi hukwama kwenye kuelekeza mahali. Bandikeni karibu na mlango karatasi yenye jina la mtaa, msikiti, kanisa au kituo cha daladala kilicho jirani, na njia ambayo gari kubwa linaweza kupita, kisha mpeni mtu asiyeijua sehemu hiyo aisome, muone kama anafika.