Kahawa kabla ya kupanda kivuko: tunayoambiana na yaliyo kweli

Mwanza hatuna treni ya kuwapeleka watu kazini kila asubuhi. Wanaoishi ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema, huja mjini kwa kivuko cha Kamanga, na wanaposubiri kupanda, kahawa chungu haiwi mbali: birika juu ya mkaa, vikombe vidogo, kashata. Naipenda kahawa hii, ndiyo maana yananiuma maneno yanayosemwa juu yake.

"Kahawa inaleta saratani." Mwaka 1991 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka kahawa kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani ya kibofu. Mwaka 2016 ukaitoa humo, kwa kuwa ushahidi haukutosha. Lakini tathmini hiyohiyo ilisema jambo ambalo halijatufikia vya kutosha: kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 kinaelekea kusababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula. Chochote, iwe chai au maji matupu. Na Afrika Mashariki ni miongoni mwa maeneo ya dunia yanayoteswa sana na saratani hiyo. Kahawa iliyotoka kwenye birika linalochemka huvuka nyuzi 65 kwa mbali, halafu abiria anaimeza haraka kwa sababu watu wameanza kupanda. Tafadhali, agiza mapema. Iache ipoe. Ikiunguza ulimi, bado haijawa ya kumezwa.

"Inatoboa tumbo." Vidonda vya tumbo kwa sehemu kubwa huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu kama diclofenac na aspirini zinazomezwa ovyo. Mwenye kiungulia au vidonda tayari anaweza kuona kahawa inamzidishia maumivu, na huyo aipunguze. Ila kulaumu kahawa huku maumivu yakiendelea miezi ni kuchelewa hospitali, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Kwa hofu hiyo ya tumbo watu huambiwa "kula kwanza" ndipo unywe kahawa, lakini hata agizo hilo linahitaji kuangaliwa upya. Kahawa ikiandamana na maharage au mboga za majani huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo. Chai nayo hufanya hivyo. Mwenye upungufu wa damu ni afadhali anywe saa nzima kabla ya chakula.

"Ikiwa nyeusi sana ndiyo kali." Weusi hutokana na kukaanga. Nguvu inatokana zaidi na aina ya buni: Robusta, inayolimwa kwa wingi Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya Arabika ya Kilimanjaro au Tarime.

Kuondoa ulevi? Haiondoi. Mlevi anakuwa macho tu, pombe bado imo.

"Mjamzito asiiguse kabisa." Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze. Kafeini hiyo inahesabiwa pamoja na ya chai na soda aina ya kola, kwa hiyo mama aliyeacha kahawa akahamia chai ya rangi kutwa nzima bado ana hesabu ya kufanya.