Kalenda ya Wamaya haikutabiri kiyama

“Wamaya walisema dunia itaisha tarehe 21 Desemba 2012.” Siku ile ilipita salama, lakini dai lenyewe halijafa. Kila baada ya muda huibuka mtu akidai hesabu ilikosewa na kiyama kimesogezwa mbele.

Kilichotokea ni hiki. Wamaya, wenyeji wa Mexico na Amerika ya Kati, walihesabu siku mojamoja kuanzia Agosti mwaka 3114 kabla ya Kristo, wakazipanga katika mafungu, na fungu kubwa liitwalo baktuni lina siku 144,000. Tarehe 21 Desemba 2012 zilitimia baktuni 13. Kwa mtindo wao siku hiyo huandikwa 13.0.0.0.0, na kesho yake 13.0.0.0.1. Hesabu haikukatika. Huko Palenque, Mexico, katika Hekalu la Maandishi, waandishi waliitazama kumbukumbu ya kutawazwa kwa mfalme wao Pakal wakaipigia hesabu hadi mwaka 4772 wa kalenda yetu. Aliyeamini kila kitu kitakoma 2012 angehangaika na 4772 ya nini?

Wapo wanaotaja jiwe la maandishi ya Wamaya la Tortuguero, Tabasco, Mexico. Ni kweli, tarehe ile imo, pamoja na jina la mungu Bolon Yokte’. Jiwe limevunjika sehemu, na katika yanayosomeka hakuna moto, gharika wala maangamizi.

Lile jiwe la duara lenye uso unaotoa ulimi, ambalo husambazwa kama “kalenda ya Wamaya”, si lao kabisa. Ni la Waazteki, watu wengine wa Mexico, na lilifukuliwa mjini Mexico mwaka 1790.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba Wamaya walitoweka na kutuachia fumbo. Miji mingi ya kusini ilihamwa kufikia karne ya 9, lakini watu walibaki. Mwaka 1562 padri Diego de Landa alichoma vitabu vyao huko Maní, Yucatán. Katika vita vya Guatemala, kati ya 1960 na 1996, wengi wa waliouawa walikuwa Wamaya. Hata hivyo wapo leo kwa mamilioni, Guatemala, Mexico na Belize, wakizungumza lugha zao.

Na maana ya kiroho ya kalenda? Ipo, ila haitegemei 2012. Wak’iche’, jamii mojawapo ya Wamaya, wa Momostenango, Guatemala, bado wanafuata mzunguko wa siku 260: majina 20 ya siku yakienda na namba 1 hadi 13. Mtunza siku, aitwaye ajq’ij, huletewa maswali ya ugonjwa, ndoa, safari. Huchota gao la mbegu nyekundu za mti wa tz’ite’, akazipanga nne nne juu ya kitambaa, kisha akazipitia fungu kwa fungu akizitaja siku na kusikiliza zinasema nini. Siku ya 8 B’atz’ watunza siku wapya husimikwa kwa ubani na moto.

Hii siyo ile kalenda ya “miezi 13” iliyoenezwa na José Argüelles, Mmarekani, ambayo watu huitumia mtandaoni kutafuta ishara yao ya kuzaliwa. Yeye aliiruka tarehe 29 Februari. Wak’iche’ hawaruki siku yoyote. Kwa hiyo ishara anayopewa mtu huko mtandaoni kwa kawaida si siku ambayo mtunza siku wa Momostenango angemhesabia.